Batasema, Mbwa Asiyeokota Kitu Chini

Wenzangu wa banda la mbwa, siku niliporudisha ufunguo mliniambia nisiondoke na kila kitu kichwani. Haya, nimekaa. Goti la kushoto linanikumbusha kila mbwa aliyewahi kunivuta kwenye matelemko ya mji huu, na nimeona heri niandike sasa kabla sijaanza kuongeza chumvi. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo vilichelewa, mishahara ilichelewa zaidi, na hayo mnayajua wenyewe. Nitaandika juu ya mbwa, juu ya mzee aliyenifundisha kazi, na juu ya mashindano yale ambayo mpaka leo yanafanya watu wa Ibanda hapa Bukavu wanipigie kelele njiani, "Maman Chien!" Zamani jina hilo, Mama Mbwa, lilikuwa la kunicheka. Siku hizi nageuka na kuwapungia mkono.

Niliingia kazini kama mpishi. Si mpishi wa wakubwa, mpishi wa mbwa. Kampuni yetu ya ulinzi ilikuwa ikipeleka walinzi na mbwa kwenye nyumba kubwa za kando ya ziwa, na mbwa wenyewe walilala kwenye banda letu pale Muhumba, nyuma ya ukuta wa matofali. Siku ya kwanza nilikabidhiwa sufuria ambayo ningeweza kuogea ndani yake, kichwa cha ng'ombe, na gunia la pumba. Moshi wa makaa ukapanda, harufu ikavuka ukuta, na mama mmoja wa jirani akasimama upande wa pili akisema kwa sauti ya kusikika vizuri, "Ee Mungu! Mbwa banakula ng'ombe, siye tunakula sombe!" Hata mimi usiku ule nilikuwa nakwenda kula sombe, yaani kisamvu.

Papa Birindwa alifika wakati nikipakua. Alikuwa ndiye mkufunzi wa mbwa, mwanajeshi mstaafu, mfupi, mwenye masharubu aliyoyachana kila asubuhi. Kazi ya mbwa alijifunzia jeshini, na kwa sababu hiyo aliwaamuru kwa Kilingala. Akisema "Vanda!" mbwa wote walikaa, na mimi pia siku ile nilikaa. Akachovya kidole ndani ya sufuria yangu, akaonja.

"Chumvi iko mingi," akasema. "Unataka kuharibu figo ya mbwa yangu?"

"Papa, nimepika kama vile ninapikia batoto."

"Batoto batakuambia kama banaumwa. Hawa hawatakuambia. Donc weye ndiye utaangalia."

Hilo lilikuwa somo la kwanza na bado sijapata lingine linalolizidi. Kabla ya amri, kabla ya kamba, angalieni: kinyesi, macho, namna mbwa anavyolala. Mbwa aliyelala kwa kujikunja wakati wa joto ana shida, hata kama anatingisha mkia.

Nilitoka jikoni kwa ajili ya mbwa mmoja aliyeitwa Tigre, mchungaji wa Kijerumani aliyekuwa ameng'ata kila mtu bandani isipokuwa mimi. Alinifuata kila niendako. Walinzi wakasema nina dawa. Papa Birindwa akasema hapana, anafuata sufuria. Akaniamuru niende mikono mitupu mpaka mwisho wa kiwanja. Tigre akaja nami mpaka mwisho wa kiwanja, akakaa karibu na mguu wangu, akamtazama Papa Birindwa kana kwamba mzee ndiye mgeni. Mzee alivuta masharubu yake, akanipa kamba ya ngozi, akaitafutia sufuria mtu mwingine.

Sasa niwaeleze sheria ya Papa Birindwa, maana bila sheria hii hamtaelewa yaliyofuata. Mbwa wetu haokoti kitu chini. Kitu chochote. Wezi wa mji huu hawapigani na mbwa. Wanarusha kipande cha nyama juu ya ukuta, nyama imeshatiwa dawa, wanaondoka kunywa kitu mahali, na wakirudi mbwa amekwisha lala usingizi usio na mwisho. Kwa hiyo mbwa wetu tangu utoto alikula kwenye sahani moja tu ya aluminiamu, iliyoshikwa mkononi na mwongozaji wake, baada ya kusikia "Zwa!", yaani chukua. Kilichoanguka kimeanguka. Hata punje ikidondoka kutoka kwenye sahani yake mwenyewe, haigusi.

Tuliwafundisha kwa vipande vya nyama vilivyoviringishwa kwenye pilipili, tukavitawanya njiani, kwenye majani, kwenye ngazi. Leo nyama, kesho ndagala, yaani dagaa, kesho kutwa mkate wenye mafuta. Na hapa wengi wenu mnakosea, nimewaona: mnasimama karibu. Mbwa akikataa mbele yako, amekuogopa wewe tu. Jificheni. Pandeni juu ya ukuta, laleni chini ya gari, fanyeni mnavyoweza, lakini mbwa aamini kwamba yuko peke yake na nyama ile. Nilipopanda mwembe wa jirani kwa kazi hiyo, mama yule wa sombe aliniona akaenda kumwambia padri.

Mtihani wa mwisho ulikuwa sokoni Kadutu. Tulipita na mbwa katikati ya wauza nyama, kamba ikiwa imelegea, na wauzaji wenyewe wakitupa vipande chini kwa kutubishia. Sikumbuki mbwa wetu hata mmoja aliyeinamisha kichwa. Nilikuwa natoka pale nimenyoosha shingo kuliko bibi harusi.

Batasema alizaliwa bandani, baba yake Tigre, mama yake mbwa wa kienyeji aliyeletwa kutoka Walungu. Sikio moja lilisimama, la pili lilikataa. Huku kwetu mnajua tunavyowapa mbwa majina: unamwita mbwa, jirani anapata jibu lake. Wakati ule majirani walikuwa wakisema sana juu ya mwanamke anayeshinda na mbwa badala ya kuuza kitambaa kama wenzake. Basi nikamwita Batasema, yaani watasema tu, na kila jioni nilisimama mlangoni nikaliita jina hilo kwa nguvu zangu zote. Nilimpenda. Nawaambia wazi kwa sababu mtu akiwaambia kwamba mkufunzi mzuri hapendi mbwa wake kupita kiasi, amedanganya au hajafundisha. Alikuwa mdogo, mwepesi, mwenye akili ya kuudhi, na kukataa chakula cha chini alikujua kuliko wote. Mzee mwenyewe alisema hivyo, kisha akastaafu na kurudi kwao Walungu kulima maharagwe.

Ndipo zikaja kamera. Bosi wetu, Monsieur Mugisho, hakuwa mtu mbaya, ila alipenda sana kitu kipya. Akaniita ofisini.

"Maman, clients banataka kamera. Kamera haiombe nyama, haiumwe, haihitaji muganga."

"Kamera inashikaka mwizi?"

"Inamupiga picha."

"Basi tutakuwa na picha muzuri za bezi."

Akacheka, lakini uamuzi ulikuwa umeshakaribia. Akaniambia kwamba wenye mbwa wa nyumba za ziwani wameandaa mashindano, na timu zitatoka Goma, ng'ambo ya mto Ruzizi, na Bujumbura. Sehemu ya kwanza ni utii. Sehemu ya pili ni kuleta: kipande cha mti kinatupwa kwenye majani, mbwa anakifuata na kukileta mkononi, halafu kingine kinatupwa ziwani.

"Ukileta kombe, clients bataona mbwa yetu iko na maana, na banda inabakia. Usipoleta, nitauzisha bale bazuri."

"Na bale bazee?"

Akatazama dirishani. "Daktari atabapiga sindano, maman. Nani atanunua mbwa muzee?"

Tigre alikuwa amezeeka. Wengine pia. Nilirudi bandani nikiwapita mmoja mmoja, wakanyanyuka kunisalimu, na nilishindwa hata kuwatazama.

Mmeshaona shida yenyewe. Sehemu ya utii sikuiogopa. Lakini nilikuwa na banda zima la mbwa waliofundishwa maisha yao yote kutookota kitu, nami nilitakiwa kwenda kwenye mashindano ya kuokota. Nilimtupia Batasema kijiti. Akakikimbilia vizuri kabisa, akakifikia, akasimama, akatazama mawinguni. Nikamhimiza. Akakaa karibu na kijiti akakilinda. Mbuzi wa jirani akakaribia, Batasema akamfukuza, akarudi kukilinda. Mchana kutwa kijiti kile hakikuibwa.

Kumlazimisha ningeweza. Mbinu zipo, na baadhi yenu mnazijua. Lakini nilijua ninachogusa. Mbwa akishajua kwamba kitu cha chini kinaweza kuchukuliwa, hata kama ni kijiti, umefungua mlango, na siku moja atakayepita mlango huo ni nyama ya mwizi. Ningeshinda kombe na kumzika Batasema. Nisipomfundisha, ningewazika wazee wote wa banda. Kwa siku kadhaa sikuweza kula, na mimi si mtu wa kukosa kula.

Nikapanda taxi-bus kwenda Walungu kumwona Papa Birindwa. Nilimkuta kwenye maharagwe yake, masharubu yamekuwa meupe lakini bado yamechanwa. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga jembe chini.

"Hapana."

"Papa, batapiga Tigre sindano."

"Nimesikia. Tigre nilimulea miye. Lakini weye unataka kumuambia mbwa kama leo chini iko muzuri, kesho chini iko mubaya. Mbwa haiko avocat ya ku mahakama, maman. Iko na sheria moja. Ukiivunja, umeivunja."

"Iko namna ingine?"

"Haiko. Na sitakuya kuangalia hiyo mashindano. Sitaki kuona."

Hakunikasirikia. Ingekuwa afadhali angenikasirikia. Aliniongezea kikapu cha maharagwe na kunisindikiza mpaka njiani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoka msibani.

Nikiwa nasubiri gari, nilimtazama jirani yake, mwindaji, aliyekuwa akijiandaa kutoka. Mbwa wake alikuwa amelala katikati ya kuku. Kuku mmoja alikuwa amempanda mgongoni kabisa, na mbwa hajali. Mwindaji akatoka ndani na kengele ya mti, ile ya wawindaji wa huku, akamfunga mbwa shingoni. Basi mbwa akabadilika papo hapo. Masikio yakasimama, mwili ukakakamaa, macho yakaanza kutafuta. Kuku wenyewe walijua, wakakimbilia nyuma ya nyumba.

Nikamwuliza, "Papa, bila kengele hakamate kuku?"

"Atakamata namna gani? Haiko ku kazi."

"Na ukimuvalisha?"

"Pale iko ku kazi. Kila mbwa ya huku inajua."

Gari lilikuja, likaondoka, mimi bado niko pale. Mbwa yule hakuwa na sheria moja. Alikuwa na mbili, na hakuzichanganya, kwa sababu kengele ilimwambia ni saa ya ipi. Nilimwomba mwindaji kengele ya pili, ya zamani, yenye ufa. Nilirudi Bukavu nayo mapajani, na kila gari liliporuka shimo abiria wote waligeuka kunitazama.

Sasa sikilizeni namna tulivyofanya, maana hii ndiyo mnayoniuliza kila mara. Kwanza nilimvalisha Batasema kengele na kumpa kijiti kutoka mkononi mwangu, si chini. Mkononi aliruhusiwa, hakuna sheria iliyovunjwa. Akishakishika vizuri, niliteremsha mkono kidogo. Halafu kidogo tena. Mpaka mkono wangu ukagusa majani na kijiti kimo ndani yake. Halafu kidole kimoja tu juu ya kijiti. Halafu kidole pembeni. Kila nikimvua kengele, nilitawanya nyama na kwenda kujificha, na ole wake kama angenusa. Hakunusa. Baadaye nikafanya lililo gumu zaidi: kengele shingoni, na nyama kando ya kijiti. Mara ya kwanza alitazama nyama, akanitafuta kwa macho, akachukua kijiti. Nilimkumbatia kwa nguvu mpaka akabweka.

Majini ilikuwa rahisi. Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, na Batasema alikuwa akioga pale tangu mdogo. Niliazima kamba ndefu kwa wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, nikamfunga kwa usalama, akaogelea kama mtu anayekwenda kwao.

Mashindano yalifanyika kwenye kiwanja cha majani kinachoishia ziwani. Watu walijaa mpaka juu ya kuta. Mbwa wa nyumba kubwa walikuja ndani ya gari zenye kiyoyozi, wa Goma walikuja kwa boti, na timu ya Bujumbura ilikuwa na malinwa dume mmoja, mchungaji wa Kibelgiji, mzuri kiasi kwamba nilimtamani. Sisi tulikuja kwa miguu, Batasema na sikio lake moja, mimi na viatu vya jikoni, Monsieur Mugisho nyuma yetu akisalimia clients. Jaji alikuwa mama mmoja daktari wa mifugo kutoka ng'ambo ya Ruzizi, mwembamba, mpole, asiyecheka ovyo.

Kwenye utii tulikaa, tulilala, tulitembea mguu kwa mguu, na Batasema akabaki mahali nilipomwacha nami nikaenda kujificha nyuma ya hema. Kisha wakaweka njia ya vishawishi. Nilipoiona nilijizuia nisicheke kwa sauti. Ilikuwa mistari miwili ya nyama ya kuchoma iliyowekwa chini, na mbwa alitakiwa kupita katikati bila kugusa! Mbwa wa kwanza alikula kipande kimoja. Wa pili alikula mstari mzima. Wa tatu alikula na kurudi kuanza upya, na mwenye mbwa akamfuata akiomba radhi kwa Kifaransa. Malinwa wa Bujumbura alipita vizuri, akilamba midomo. Ilipofika zamu yetu, Batasema alipita hata bila kugeuza jicho, akafika mwisho, akakaa, akapiga mwayo. Watu walipiga kelele mpaka boti za ziwani zikajibu kwa honi. Sikuwahi kufurahi hivyo tangu nilipoolewa, na siku ya kuolewa mvua ilinyesha.

Ikaja sehemu ya kuleta. Nikatoa kengele mfukoni, nikainama kumvalisha. Jaji akaninyooshea mkono.

"Madame, sheria inasema hakuna kitu shingoni mwa mbwa. Toa."

Bila kengele, Batasema angekwenda kukilinda kijiti mpaka jioni. Kwa nyuma nilimsikia Monsieur Mugisho akiuliza kuna nini. Mimi akilini nilimwona Tigre tu, jinsi tulivyomwacha amelala kwenye mlango wa banda, akitusubiri.

"Docteur," nikasema, "na shingoni mwa mutu?"

"Namna gani?"

"Shingoni mwangu miye. Sheria inasema nini?"

Watu walianza kucheka. Jaji hakucheka. Alifungua karatasi zake, akazisoma, akanong'ona na mwenzake, akarudi.

"Shingoni mwa mtu haisemi kitu. Lakini ukishamtuma mbwa, usitikisike. Ikilia tena, nawatoa."

Nikajifunga kengele. Kamba ilikuwa ya shingo ya mbwa, ikanibana. Kiwanja kizima kikaangua kicheko, wengine wakaanza kubweka, na sauti moja ikapiga kelele, "Maman Chien!" na zote zikaitikia. Nikatembea mpaka kwenye mstari, kengele ikigonga kifuani kwa kila hatua, Batasema kando yangu. Sikumtazama. Nilisikiliza pumzi yake. Mwanzoni ilikuwa ya kawaida. Karibu na mstari ikabadilika, ikawa fupi, ya kazi, na nilijua kwamba amesikia.

Kijiti kikatupwa. Nikasema "Zwa!" nikasimama kama nguzo. Alikimbia, akakifikia, akasimama. Akakizunguka. Kicheko kilikufa kiwanja kizima. Akageuza kichwa kunitazama, akanitazama shingoni, muda wote huo nilikuwa nasali Salamu Maria bila kutikisa midomo. Akainamisha kichwa, akakiokota, akaniletea mkononi, kikavu, bila alama ya jino.

Iliyobaki ilikuwa ya maji. Malinwa wa Bujumbura alitangulia. Alishuka mpaka ukingoni kwa mbio, na maji yalipogusa vidole vyake akaruka nyuma. Akatumwa tena, akarudi nyuma tena, anatetemeka. Mwongozaji wake alimfunga kamba taratibu, bila kumpiga wala kumgombeza, akaja kusimama karibu nami.

"Mama, kule kwetu ziwani kuna mamba," akaniambia. "Nilimfundisha mwenyewe aogope maji. Nisingeweza kumfundisha leo asiogope, halafu kesho nimtoe mdomoni mwa mamba."

Nilimshika mkono. Nilimwelewa kuliko mtu yeyote aliyekuwepo pale.

Zamu yetu, kengele ikiwa bado shingoni mwangu, Batasema aliingia majini bila hata kupunguza mwendo. Kijiti kilikuwa kimevutwa mbali na upepo, kichwa chake kikawa kidogo, kisha kikageuka kurudi, na watu walikuwa wakihesabu mapigo ya miguu yake kwa makofi. Akatoka, akaja mpaka kwangu, akakaa, akaniwekea kijiti mikononi, na baada ya hapo tu ndipo alipojikung'uta, juu ya jaji. Na jaji akacheka.

Kombe lilikuwa letu. Nililibeba kichwani kutoka kiwanjani mpaka bandani, watu wakitufuata wakiimba, na mama yule wa sombe alikuwa mbele ya wote akipiga vigelegele akiwaambia watu kwamba mimi ni jirani yake. Monsieur Mugisho aliweka picha mlangoni. Clients walirudi. Tigre na wazee wenzake walikufa kwa uzee wao, kila mmoja kwa wakati wake, kwenye majani yao.

Lakini mimi sikulala vizuri. Nilikuwa nimeokoa banda, na bado sikujua kama nimemharibu Batasema. Alirudi kulinda nyumba moja ya ziwani, na kila asubuhi nilikwenda kumchukua moyo ukidunda, nikimwita kabla sijafika mlangoni ili nisikie akijibu.

Asubuhi moja mlinzi wa nyumba hiyo alinijia njiani akikimbia.

"Kuya uone, maman. Kuya."

Chini ya ukuta kulikuwa na nyama. Vipande vikubwa, vizuri, vya mtu aliyejitahidi. Kimoja kilikuwa karibu kabisa na mahali Batasema alipolala, nyasi zimelala kwa ubavu wake, na siafu walioingia kwenye nyama ile walikuwa wamekufa juu yake. Batasema alikuwa amekaa pembeni, ananingoja na sahani yangu. Nilikaa chini kwenye umande nikalia mpaka mlinzi akaona haya, akaenda kutazama ziwa.

Nilimpigia simu Papa Birindwa. Akaniambia nisiguse nyama ile mpaka afike. Alikuja na taxi-bus ya kwanza, na koti lake la Jumapili. Akachuchumaa, akageuza kila kipande kwa kijiti, akanusa kwa mbali, akatazama siafu. Kisha akatupa kijiti kingine, safi, mbele ya Batasema na kumwambia achukue. Batasema alimtazama mzee kwa heshima zote, lakini bila kengele hakusogea.

Papa Birindwa alichimba shimo mwenyewe, akaizika nyama, akajifuta mikono.

"Miye sikujua hii," akasema. "Miaka yote ile, sikujua. Unionyeshe."

Tulianza asubuhi hiyohiyo, yeye akishika kamba, mimi nikitoa amri.